Cucu, Shoo ya Wathai Inafaa?

Cucu, nyanya yangu wa Ngoingwa,

Sasa? Hapa Ruiru hakuna mtu anaelewa sanaa kama mimi, hata wale wachezaji wa ngoma kutoka Thailand walikuwa wananiangalia mimi. Ulinituma nikuamulie kama shoo yao inafaa usumbue magoti uje Jumamosi. Basi, akatoka jukwaani msichana na taji la dhahabu, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa. Nikajua ni maombi, nikafunga macho vile ulinifunza. Anti akanifinya: "Wewe, hiyo ni salamu yao!"

"Shh, Anti, hatujafika Ameni."

Nguo zao zinameta, Cucu, akina mama wa kwaya yenu watanuna. Njoo tu, nitakubeba mgongoni, Mungu akulindie hayo magoti. Lakini ukweli ni kwamba nililala hapo kwa maombi, nikaamshwa na makofi ya mwisho. Ngoma yenyewe sikuiona.

Kamau wako