Mlango wa Nyuma wa Jikoni

Manyatta, Kisumu

Shiro wangu,

Natumai baridi ya huko imepungua. Mimi niko tu, na biashara yangu ya mitumba pale soko la Kibuye inasonga.

Ule mchoro wa jikoni uliotuma kwa simu nilimwonyesha fundi Wakhisi. Mahali pa sinki na kabati amepapenda. Shida ni huo mlango wa nyuma ambao wewe unataka tuuzibe. Baba yako alikuwa anapitia huo tu kila akija kula mchana, viatu mkononi, asinichafulie sakafu.

Jumanne saa saba fundi alikuwa pale mlangoni akipima. Mara nikamwona anasogea kando, anasema, "Pita, mzee."

Nikamuuliza anaongea na nani.

"Si huyu ameingia na viatu mkononi?"

Fundi ni mgeni hapa, hajui kwamba tulimzika baba yako mwezi wa nne. Nilimwambia tu sinki ikae chini ya dirisha, mlango aachane nao.

Najua ulishindwa kuja kwa mazishi, na sikulaumu. Lakini ukija, usipitie mbele. Ingia kwa huo wa nyuma, saa saba.

Mamako,
Rahab