Mama, Namchunguza Akinyi

Mama yangu mpendwa,

Akinyi hukumkuta. Alizaliwa miezi michache baada ya kukuzika kule kisiwani Rusinga, na sasa anakaribia kutimiza mwaka. Ana paji lako la uso. Ningependa kukuambia kwamba namtazama kwa furaha tu, lakini wewe hukuwahi kudanganyika na sauti yangu. Namtazama kama askari wa lango anavyomtazama mgeni asiyeeleza amekuja kumwona nani.

Kwa kaka yake, Omondi, wewe ndiye uliyeona kwanza. Tulikuwa kwako, unaanua dagaa wa omena, yeye ana miaka miwili, amechuchumaa mchangani akizungusha kifuniko cha sufuria. Ulimwita. Ukamwita tena. Kisha ukaangusha karai nyuma yake, akashtuka. Ukanigeukia: "Masikio yake ni mazima. Kwa nini jina lake halimfikii?"

Nilikununia. Wewe hukujali. Ulitufuata mpaka nyumbani kwetu Rodi Kopany ukiwa umevaa nguo zako za kanisani, ukatupeleka hospitali Homa Bay. Daktari aliposema usonji, nilisikia kama ametaja jambo la mtoto wa jirani. Wewe uliuliza, "Sasa huyu anapenda nini, na nini kinamuumiza?" Daktari akacheka kidogo. "Mama, hilo ni wewe utaniambia."

Na ulijua kabla yetu sote. Uligundua kwamba kabla ya kunyolewa lazima aushike wembe ukiwa umefungwa bado kwenye karatasi yake. Uligundua kwamba vipaza sauti vya mahubiri vinamtesa, ukawa unatoka naye nje na kusikiliza ibada mkiwa chini ya dirisha. Wale waliokuja kuniambia nimelogwa uliwakaribisha chai, halafu ukawaambia maneno hayo warudi nayo kwao.

Sasa nina mtoto wa pili, nawe hupo umwangalie pamoja nami.

Akinyi akilikodolea macho pazia linalopepea, nakumbuka kile kifuniko cha Omondi. Asipolitazama, najiuliza kama analiona. Alipotabasamu mara ya kwanza nilisema ni gesi ya tumbo. Alipomnyooshea kuku kidole, nilijiambia alikuwa ananyoosha mkono tu. Halii sana, na hata hilo nalishuku: mtoto gani hasumbui? Nesi akinichekea nikimpeleka chanjo, natoka nikijiuliza ameona nini ambacho hataki kukisema.

Wifi yangu alikuja kutoka Migori kumwona. Alimbeba, akamgeuza uso kwa uso, akakaa hivyo kwa muda.

"Huyu naye anatazama watu?"

"Anatazama."

"Haya. Nimeuliza tu."

Tangu siku hiyo, kila simu inayoingia kutoka upande wao naisikia kama swali hilohilo.

Baba Omondi naye nilianza kumshuku. Akirudi kutoka gereji anamnyanyua Akinyi, kisha analiza vidole karibu na sikio lake. Nikamuuliza anafanya nini. "Nacheza naye," akasema. Lakini na Omondi hakuwahi kucheza hivyo.

Halafu ikaja Jumamosi iliyopita. Tulikuwa tumetoka ibada ya Sabato. Nilimkalisha Akinyi mkekani, akawa anang'ata kijiko, nikasimama nyuma yake. "Akinyi." Hakugeuka. "Akinyi." Kijiko. "Akinyi! Akinyi!" Sijui niliita mara ngapi. Najua tu kwamba sauti yangu ilikuwa imeshabadilika.

Omondi aliinuka kutoka kwenye kona yake. Unajua asivyopenda kugusa mtu. Alikuja moja kwa moja, akanifunika mdomo kwa kiganja.

"Jina imeisha," akasema.

Baba Omondi alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, na nilipomtazama vizuri nikaona anafuta macho.

"Amekuambia ukweli," akasema. "Hata mimi namwita hivyohivyo kila ukienda sokoni."

"Na anageuka?"

"Siku zingine." Akainuka kutoka kwenye ngazi. "Mama Omondi, tunaogopa nini hasa? Kwamba atafanana na huyu?"

Huyu alikuwa amesimama katikati yetu, kiganja chake bado kinanukia sabuni. Ningejibuje, Mama, na yeye anasikia?

Jumatatu tulienda kliniki, sote wanne. Safari hii sikungoja nesi aseme. Nilimweleza kuhusu Omondi, pazia, kijiko, kila kitu. Alicheza na Akinyi sakafuni kwa muda mrefu, akajificha nyuma ya leso, akaviringisha mpira.

"Umefanya vizuri kusema," akaniambia. "Kwa sababu ya kaka yake, tutamfuatilia kwa karibu. Ninayoyaona leo ni mazuri. Lakini siwezi kukuapia. Mlete tena."

Nilimwamini kwa sababu alikataa kuapa.

Bado nashuku, Mama. Nikikuambia nimeacha, utajua naongopa. Lakini jana Omondi alikuwa amepanga vizibo vyake vya soda sakafuni, mstari mmoja mrefu, na unajua kizibo kikisogezwa nyumba nzima inakuwa kilio. Akinyi alitambaa mpaka pale, akachukua kimoja cha katikati, akakitia mdomoni. Nikaacha nguo niliyokuwa nakunja, nikangoja kelele.

Omondi aliliangalia lile pengo. Akavishika vilivyobaki, kimoja kimoja, akavisogeza mpaka pengo likajifunga. Kisha akampokonya Akinyi kile kizibo chenye mate, akakipangusa kwenye shati lake, akamrudishia mkononi.

Sikujua ni yupi kati yao nilipaswa kumchunguza. Nikakaa chini karibu nao.

Lala salama huko kisiwani, Mama. Wote wawili ni wajukuu wako.

Binti yako,
mama yao Omondi na Akinyi