Angalia Mawe

Nestori, rafiki yangu,

Gari tumenunua. Nianze na hilo, maana najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Lakini namna tulivyolipata siwezi kukueleza kwa mkupuo mmoja. Nimekaa na kalamu tangu vipindi viishe na nimeshachana karatasi mbili. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, mtu wa Korogwe, niliyekutambia miaka saba kwamba lugha hii nimeinyonya kwa mama, leo sijui barua inaanzaje.

Tangu uondoke mambo ni haya. Maharage yalikubali sana, ila mengi yamelala huku juu kwa kukosa wa kuyashusha. Wagonjwa wanateremshwa kwa bodaboda, wamebanwa katikati ya dereva na ndugu, na asiyeweza kukaa anabebwa kwa machela mpaka zahanati ya Heru Juu. Dada yako Goreti amehamia kwa mama yenu. Na pale Ngazi, yale mawe matatu yanayokatiza njia yetu, mvua imekula udongo wake na yamechomoza zaidi. Nilipita pale kwa miguu wiki ile ile tuliyokuzika, nikasikia kabisa gari lako likiguna kwa gia nzito. Nikasimama nikasubiri. Hapakuwa na kitu, Nestori. Palikuwa na mimi na mbuzi wa watu.

Unakumbuka safari zetu za Jumamosi, mimi nafuata chaki na mafuta ya taa Kasulu, wewe na pikapu ya tajiri wako? Kila tulipofika Ngazi, gurudumu likipiga jiwe na gari likainama upande, ulikuwa ukipiga kelele: "Mawe wee!" Na mimi, nimeshika mlango kwa mikono miwili, nakujibu: "Nayaona!" Wewe unacheka mpaka machozi. Mimi nilidhani unacheka woga wangu. Basi nami nacheka. Tumecheka hivyo miaka mingi, kila mtu na la kwake.

Kisha tajiri akaiuza ile pikapu, tukasema sasa tutafute ya kwetu, wewe dereva, mimi mwenzako. Ukaipenda pikapu ya Kibondo tangu siku ya kwanza. Tulikwenda kuiona, tukala ugali wa muhogo na mgebuka pale karibu na stendi, na wewe kila tonge mbili unainuka kuitazama kwa dirishani utadhani itaibiwa. Mimi nikakipenda kijipu cha Kasulu, cha milango miwili. Ukaniambia kijipu ni kijipu tu, ukikalia utaumia. Nikanuna njia nzima kwa utani huo, na nilipofika nyumbani nikacheka peke yangu.

Tukayapima yote mawili pale Ngazi, watu wamejaa kama mnadani. Kijipu kilipanda jiwe la kwanza, la pili, la tatu, kikatoka juu bila kugusa popote. Kifupi, chepesi, tumbo liko juu, hakina mkia. Pikapu yako ikapita mawili. La tatu, magurudumu ya mbele yalivuka vizuri, halafu mkia ukakaa juu ya jiwe, na gurudumu la nyuma likabaki linazunguka hewani. Tuliisukuma mpaka mashati yakalowa. Nikakwambia, haya, umeona mwenyewe. Ukasema tutaweka magunia nyuma, itashika. Nikauliza, na mkia nao utauwekea magunia? Watu wakacheka, nikajiona nimeshinda. Wewe ukajifuta jasho ukasema kitu ambacho sikukijali: "Mwalimu, wewe unapanda mawe. Mimi napakia watu."

Nilidhani ni maneno ya dereva aliyeshindwa.

Ukaugua kabla hatujaamua. Nilikuja hospitalini Kigoma mara mbili kukuona, na mara ya pili uso ulikuwa umevimba, nikakusemesha habari za shokapu. Nisamehe kwa hilo. Mtu anaondoka na mimi namweleza shokapu. Alhamisi ile nikakuandikia kwenye simu kwamba wenye magari wote wawili wanataka jibu, tuchukue lipi. Ukajibu jioni. Nimeuhifadhi ujumbe wako, neno kwa neno: "Gari chukua lolote ila angalia mawe."

Ijumaa asubuhi Goreti akapiga simu. Nilikuwa ubaoni. Nikasema Innalillahi mbele ya darasa zima, na sikumbuki niliwaaga vipi wanafunzi.

Ule ujumbe nikautembeza, Nestori. Nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba mwishoni ulikubaliana na mimi. Kwani si umesema niangalie mawe? Gari la kuyaweza mawe ni lipi, kama si kijipu? Nikaenda Ngazi na kamba ya kupimia. Nikapima jiwe la tatu urefu na kimo, nikaenda Kasulu nikalala chini ya kijipu nikapima tumbo lake, nikarudi nimechafuka shati na nafsi imetulia. Nikampa mwenye kijipu neno langu. Nilijiona natimiza wosia.

Siku ya kuanua tanga, wazee wakauliza marehemu aliacha kauli gani juu ya gari. Nikasimama katikati ya uwanja wenu, nikatoa simu, nikasoma kwa sauti ile ya darasani uliyozoea kuiigiza. "Gari chukua lolote ila angalia mawe." Nikamgeukia Goreti amtafsirie mama yenu, kwa sababu Kiswahili chake ni cha salamu na sokoni tu. Mama alikuwa mkekani, mguu wake ule mbovu umenyooka mbele yake. Hakungoja kutafsiriwa. Aliinua kichwa akaweka mkono kifuani.

"Ni jewe," akasema. "Mawe ni jewe."

Nikamtazama Goreti. Kanga ilikuwa mdomoni. Akaniambia polepole, kama anamwambia mgonjwa: "Mwalimu, jewe ni mimi. Na mawe ni mama. Sisi kwetu, mama ndiye mawe."

Miaka saba. Miaka saba nimekaa kwenye kilima hiki, najibu "mwakeye" kila asubuhi, najiona mwenyeji, na neno la kumwita mama sikulijua. Ulipopiga kelele pale Ngazi ulikuwa unamwita mama yako kwa kushtuka, kama mtu yeyote anavyomwita mama yake, na mimi nakujibu nayaona. Uliniacha na ujinga wangu kwa sababu ulikuwa unakufurahisha. Hilo naweza kulivumilia. Hata ningelicheka, kama ungekuwapo.

Lakini nilikumbuka jingine pale pale, nimesimama na simu mkononi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Siku ile dukani, mwaka wangu wa kwanza huku, uliingia una haraka ukaniambia: "Mwalimu, mawe anaumwa mguu." Na mimi mbele ya watu wote nikakusahihisha: "Mawe yanaumiza mguu, Nestori. Ya! Ngeli, ngeli!" Duka zima likacheka. Nilidhani wanakucheka wewe. Ulinitazama kidogo, kisha ukasema, "Sawa mwalimu, yanaumiza," ukachukua chumvi yako ukaondoka. Ulikuja kuniambia mama yako anaumwa. Mimi nikakupa somo la sarufi.

Tangu siku hiyo ulipozungumza nami ulimwita "bi mkubwa". Na ukaanza kuniandikia kwa mkato, bila viambishi, ili nisipate pa kukukamata. Ungeandika "mwangalie mawe", herufi mbili tu mbele na moja nyuma, ningeuliza ni nani huyo. Ningejua ni mtu. Lakini nani alikufundisha kuogopa kiambishi? Ulikuwa umechoka, pumzi ndogo, ukamwacha "bi mkubwa" wa kuniridhisha mimi ukamwita mama yako kama ulivyomwita tangu utotoni. Ukaandika "angalia" kavu, na mimi nikaenda kupima jiwe kwa kamba.

Nililia nyuma ya jiko lenu, rafiki yangu, kwa sauti. Goreti aliniletea maji ya kunawa.

Niliporudi uwanjani nilimtazama mama kwa mara ya kwanza kama mtu wa kupanda gari. Goti lile halikunjiki. Kijipu ukitaka kukaa nyuma unakunja kiti cha mbele, unajipenyeza kama unaingia kwenye pango, na mbele nako magoti yanagusa dashibodi. Ungemtia vipi humo? Ndipo nikaelewa na magunia. Ulipokuwa ukimteremsha kliniki ulilaza godoro nyuma ya pikapu ya tajiri, ukaweka gunia la maharage kushoto na jingine kulia asiteleze, ukaenda taratibu hata kuku wanatupita, naye anaimba nyimbo zenu za kanisani. Mimi nilikaa mbele nikawaza umeongeza uzito ili tairi zishike. Kweli zilishika. Lakini hukuyaweka kwa ajili ya tairi.

Basi nilikwenda Kasulu kumwomba radhi mwenye kijipu. Alinisema, na alikuwa na haki. Nikapanda basi la Kibondo, nikaikuta pikapu yako bado ipo, imeota vumbi.

Likabaki jiwe la tatu. Gari lile haliwezi kubadili mkia wake, kwa hiyo tukabadili jiwe. Watu wa huku juu walitoka, wanaume kwa wanawake, tukalirundikia kuni tukaziwasha mpaka likawa jekundu pembeni, tukalimwagia maji likapasuka kwa kishindo, ndipo nyundo zikaingia. Tulirudia siku nne. Mikono yangu ya chaki ilitoka malengelenge na kila mtu alitaka kuyaona. Halijaisha lote. Limebaki kipande, kama kizingiti cha mlango.

Jumanne iliyopita nilimteremsha mama kliniki. Niliendesha mwenyewe, wewe ndiye uliyenifundisha, usione ajabu. Godoro katikati, gunia huku na huku, Goreti ameketi kichwani pake. Tulipofika Ngazi nikaingiza gia nzito, nikaachia klachi polepole ulivyonielekeza. Magurudumu ya mbele yakavuka kile kipande. Halafu mkia ukagonga, gari likaruka, na mimi kwa hofu nikapiga kelele: "Mawe wee!"

Wallahi sijui nilimaanisha lipi. Mama yangu yuko Korogwe. Mawe yalikuwa chini ya gari. Lakini nyuma yangu, kwa sauti ya mtu aliyeitwa na aliyezoea kuitwa hapo hapo, mama yenu akanijibu: "Ndi hano, mwananje."

Nilisimamisha gari. Goreti alidhani limeharibika. Hakuhitaji kunitafsiria, maana hilo nilishajifunza: niko hapa, mwanangu.

Nestori, pale dukani nilikukosea, na sikupata nafasi ya kukuomba radhi ukiwa hai. Nakuomba leo. Kila Jumanne ya kliniki nitakuwa nyuma ya usukani wako, na siku nitakayohamishwa kwenda mkoa mwingine sitaondoka kabla sijamfundisha Goreti kuvuka Ngazi. Pumzika sasa. Ujumbe wako umefika, umechelewa kwa kosa langu, lakini umefika. Nakujibu kwa ukamilifu, na viambishi vyake vyote, usije ukanicheka: mawe nitayaangalia, na Mawe nitamwangalia.

Mwenzako wa kiti cha mbele,
Athumani