Blanketi Nililoanika Siku za Matanga

Alhamisi. Ukungu umeshuka tangu alfajiri na haujanyanyuka, hata mti wa mpeasi wa njia panda sikuuona mpaka nilipoufikia. Baridi inauma vidole. Nimetoka matangani kwa Mama Zakaria, na sijisikii vizuri, wala sistahili kujisikia vizuri.

Nianze na Jumatatu, maana uchafu wenyewe ulianzia hapo.

Jumatatu nilikuwa napalilia viazi mbele ya nyumba nikamwona balozi wetu wa nyumba kumi anapanda mlima na koti lake jeusi. Balozi ni mzee mpole, hana neno na mtu. Lakini tangu vijana wetu waende vitani Uganda, taarifa za vifo zinapitia kwake, na mara ya kwanza alipoleta taarifa ya namna hiyo alivaa koti lile. Basi sisi akina mama tumelichukia. Akilivaa, hata kama ni kwa sababu ya baridi tu, watu wanaingia ndani na kufunga milango. Mzee wa watu siku hizi hapewi hata shikamoo.

Nami niliingia ndani, nikachungulia kwenye upenyo wa mlango. Pale kwenye mpeasi njia inagawanyika: kulia kwangu, kushoto kwa Mama Zakaria. Danieli wangu na Zakaria wake waliondoka siku moja, kwenye lori moja, wakiimba. Nikaomba. Sikumwomba Mungu awalinde wote wawili. Niliomba balozi ashike kushoto.

Akashika kushoto.

Kilio kilipopasuka kule ng'ambo ya korongo, nilikaa chini pale pale mlangoni. Na kabla sijamlilia Zakaria, mtoto aliyekula kwangu tangu hajui kufunga kaptura, niliusikia moyo wangu unasema: afadhali. Nimetafuta namna ya kuliandika neno hilo lisionekane baya, nimeshindwa. Ni baya.

Tangu hapo kichwa kinaniimbia mambo mawili. La kwanza, kwamba ni mimi niliyemgeuza balozi, kwa hiyo nimemuua mtoto wa mwenzangu kwa dua. La pili, kwamba kijiji chetu sasa kimeshatoa vya kutosha, vita imechukua fungu lake, kwa hiyo Danieli yuko salama. Upumbavu mtupu. Zakaria alikuwa amekufa kabla balozi hajalivaa koti lake. Na vita haigawi vifo kwa zamu kama sisi tunavyogawana maji ya mfereji. Hayo nayajua vizuri sana, na kuyajua hakujanisaidia kitu.

Wala si mara ya kwanza kichwa changu kunifanyia hivi. Tangu Danieli aondoke simalizi ugali chunguni, nabakiza tonge lake. Sifagii jua likishazama. Wiki iliyopita nilimpiga Nuru, mdogo wake, kwa sababu alikalia kigoda cha kaka yake. Mtoto akalia, akaniuliza kosa lake ni nini. Nikampiga tena.

Na Jumanne, msiba ukiwa bado mbichi, nililitoa blanketi la Danieli sandukuni, nikalifua, nikalianika. Jamani, nani anafua blanketi msimu huu wa ukungu? Lakini niliona kama anakuja, kwamba njia imeshafunguka. Baba Danieli aliporudi kutoka kupasua mbao alilitazama, akaniambia, "Mtoto yuko vitani, hayuko kwenye kamba yako ya nguo." Nilimjibu kwamba kama hana imani aende akalale na mbao zake. Akala chakula chake, na blanketi likabaki pale pale.

Leo ndiyo nimebeba kuni na maharage kwenda matangani. Ni msiba usio na maiti, mtu hajui alie akitazama wapi. Nililia kuliko wote. Sauti ninayo.

Baadaye nilikaa na wenzangu kuchambua maharage, na nikajaribu jambo. Marehemu mama mkwe alikuwa akiniambia usibishane na jiwe, litoe tu kwenye ungo. Nikaanza kuyachambua mawazo yangu vivyo hivyo, kimyakimya. Balozi alipita kushoto: hilo harage. Nilimpeleka mimi: jiwe, tupa. Vita imeshashiba: jiwe, tupa. Nikaona kifua kinapungua uzito kidogo, nikajisifu, nikasema kumbe ninaweza kujitawala.

Ndipo nikaambiwa mfiwa ananiita.

Mama Zakaria alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, mlango wazi mbele yake. Akanishika mkono kama mtu anayetaka kufarijiwa, nami nikaanza yale maneno yetu ya kazi ya Mungu haina makosa. Akanikata katikati, kwa sauti ya chini, wengine wasisikie.

"Blanketi la Danieli nimeliona. Jana ukungu uliponyanyuka, ndicho kitu nilichokuwa nakitazama hapa."

Nikafungua mdomo nimdanganye, niseme lilikuwa limeingiwa na panya.

"Nyamaza, ndugu yangu. Alipokufa vitani yule kijana wa Bumbuli, mimi nilichinja jogoo. Nilisema milima yetu imeshatoa, wangu atarudi. Tulimla na watoto, tukacheka. Labda tulipokuwa tunamla, Zakaria naye alikuwa ameshakufa."

Akaniachia mkono, akageukia ukuta. Hakunitukana. Afadhali angenitukana, maana matusi ningeyajibu.

Nimerudi nyumbani na maneno hayo. Yaani hesabu niliyoifanya mimi, mwenzangu aliifanya kabla yangu, kwa uhakika ule ule, na jogoo juu. Na mama wa Bumbuli je, yeye aliomba balozi wake ashike njia gani?

Nimelianua blanketi. Nilipolishika tu, kichwa kikasema: haya, sasa umemuua. Nikasimama pale uani nalo mikononi, limelowa, zito, na nikakaribia kulirudisha kambani. Nikasema kwa sauti: hili ni blanketi. Nuru alikuwa mlangoni, akanitazama kwa woga. Nikamwita anisaidie kulikamua, yeye huku, mimi kule. Tulipomaliza nikamwambia akitaka kukaa, kigoda kile pale. Hakukikalia. Bado ananiogopa, na ana haki.

Danieli atarudi. Wazo hilo nimeligeuzageuza tangu nimekaa hapa kuandika, na sijui kama ni harage au ni jiwe. Sina ungo wa kulipepeta. Naliacha hapo lilipo.

Ila moja nimeamua. Balozi akipanda tena mlima na koti lake, sitaingia ndani. Shikamoo yangu haitamleta, na kujificha kwangu hakutamgeuza. Nitasimama pale pale kwenye viazi, nimwamkie kama anavyostahili, nisiombe ashike njia ya mtu mwingine.