Nukta Juu ya Herufi F

Orna, Kaunti ya Galway
9 Juni 1987

Mpendwa Shangazi Nuala,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Boston, na kwamba goti limepunguza kukusumbua. Sisi hatujambo. Baba anakohoa, lakini bado anachonga mawe ya makaburi, na viazi vimeota vizuri.

Shangazi, naona haya hata kukuandikia. Tiketi umeshakata, uje Agosti kulifunua jiwe la kivuko chetu, kumbe mimi nimewapotosha nyote.

Unakumbuka nilivyotangaza ukumbini kwamba shujaa wa kile kisa cha kale ninachokisomea alipigania kivuko chetu cha Orna. Kwenye muswada pameandikwa Forna, kwa majirani zetu. Lakini juu ya F niliona nukta, na waandishi wa zamani waliweka nukta hapo kuonyesha kuwa herufi haisomwi. Basi nikasoma Orna. Watu walishangilia utadhani tumewafunga Forna kwenye mchezo wa magongo, na Baba akaanza kuchonga siku ileile.

Nilikuwa nimesoma picha tu. Alhamisi iliyopita, maktabani Dublin, niliruhusiwa kuiona ngozi yenyewe ya ndama ambayo kisa kiliandikwa juu yake. Nilipoinua ukurasa, mwanga ukapenya kwenye nukta yangu. Ni tundu, Shangazi. Mdudu alimtoboa ndama yule kabla hajachinjwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilimwambia Baba karakanani. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Una hakika safari hii?"

Habari zilisambaa. Tadhg wa Forna alinikuta dukani, akapaza sauti: "We Muireann! Kivuko chetu mnakirudisha lini, au tuje kukibeba wenyewe?" Watu walivunjika mbavu. Nami nilijichekesha, machozi yakinilenga.

Jana Baba aliniita. Jiwe lilikuwa juu ya trela, limefungwa kamba, na mbele ya jina Orna alikuwa amechonga F.

"Mwandikie dada yangu," akasema. "Sherehe iko palepale, ila tunaifanyia Forna. Na trekta utaendesha wewe, mama, wakuone vizuri."

Nitaendesha. Nakuomba usiahirishe safari, maana sijui nitamtazama nani usoni siku hiyo kama si wewe.

Nisalimie Fiachra na watoto wake. Mungu akushike mkono mpaka mlangoni kwetu.

Mwanao akupendaye kwa aibu yote,
Muireann

Nilisahau: ile F imebanana ukingoni, lakini ni nzuri kuliko herufi zote. Nimepapasa juu yake kwa kidole. Hakuna nukta.