Chesisi Aliyoniletea Musyoki

Alhamisi, Julai 2008

Baridi. Tangu asubuhi jua halijachungulia, na vilima vya Iveti bado vimefunikwa na ukungu. Wanafunzi wameenda kula chakula cha jioni. Nimebaki peke yangu katika chumba cha kompyuta cha shule, nimevaa koti na kofia, na vidole vinakataa kuandika.

Nimesoma tena niliyoandika hapa kwenye blogu yangu mwezi uliopita. Nilibandika picha ya gari likiwa limekamilika, la buluu, linang'aa, na chini yake nikaandika: "Bila Musyoki nisingefika hapa."

Ni kweli. Bila Musyoki nisingefika hapa.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa hesabu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikijenga gari nyuma ya nyumba yangu. Sisemi kulitengeneza. Kulijenga. Mpima ardhi mmoja mgeni, alipokuwa akirudi kwao, aliniachia makasha ambayo hakuwahi kuyafungua. Ndani mlikuwa na bodi ya faiba iliyogawanywa vipande, kioo cha mbele, taa, usukani, kila kitu cha kuunganishwa na mtu mwenyewe nyumbani kwake. Kilichokosekana ni injini na chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Hivyo viwili ilibidi vitoke kwenye gari kuukuu.

Musyoki ana gereji hapa mjini na huuza vipuri vya mitumba. Alinisimamia kwenye harusi yangu. Binti yangu Mwende alipobatizwa, yeye ndiye aliyekuwa baba yake wa ubatizo. Aliposikia natafuta chesisi, aliniambia marehemu mjomba wake wa Mwala aliacha pikapu iliyopinduka, bodi imeharibika lakini chini iko sawa. Akaileta chesisi hiyo kwa lori, pamoja na injini na karatasi zake. Tayari ilikuwa imesuguliwa na kupakwa rangi nyeusi. Nilimwambia hakuhitaji kujisumbua kiasi hicho. Akacheka, akasema hawezi kuniletea mimi kitu kichafu.

Nilimshukuru kwa ile rangi. Nakumbuka hata nilimsimulia mke wangu.

Kuanzia hapo Jumamosi zetu zilikuwa za gari. Mimi nasoma maelekezo, ambayo mchwa walikuwa wameshakula kurasa kadhaa, naye anachomelea. Mama Mwende alihamisha kamba yake ya nguo hadi upande wa jikoni ili tupate nafasi. Watoto wa jirani waliliita gari letu "kiatu" kwa sababu ya umbo lake. Siku injini ilipowaka mara ya kwanza, mimi na Musyoki, watu wazima wenye mvi, tulikumbatiana huku mikono imejaa grisi.

Jumanne tulikuwa tulipeleke kukaguliwa. Ukaguzi ukipita, lingesajiliwa, lipewe namba, na mimi niliendeshe barabarani kama mtu mwingine yeyote. Musyoki alisema angekuja. Asubuhi ile akapiga simu kwamba kuna mteja amekwama Masii, lakini dereva wake angeleta gari la kuvuta. Sikuona ubaya. Nilivaa tai.

Aliyetukagua alikuwa mama mmoja mpole, wa rika langu, mwenye ovaroli ya kijani. Alilizunguka gari akitabasamu. Aliniuliza mlango niliupataje ukafunga vizuri namna ile, na mimi, kama mtoto, nikaanza kumweleza. Akajaribu breki, akajaribu taa. Alilisukuma pembeni kwa mkono kuona linavyoyumba. Watu waliokuwa wakisubiri na magari yao walisogea kutazama, na mmoja akaniomba apige picha na simu yake.

Kisha akalala chali juu ya kipande cha katoni, akaingia chini na tochi kusoma namba ya chesisi.

Alikaa huko muda mrefu. Aliomba bisibisi. Nikasikia akikwangua. Alipotoka hakuwa akitabasamu tena, wala hakuniangalia usoni. Aliniambia niiname nione mwenyewe. Ile namba iliyo kwenye karatasi zangu ilikuwa imegongwa kwenye kibati kidogo, na kibati kikachomelewa juu ya chuma, kisha rangi ikapita juu ya vyote. Alikuwa amekibandua ukingo mmoja. Chini yake kulikuwa na namba nyingine.

"Mwalimu, chesisi hii nani alikuuzia?" aliuliza.

Kichwani nilikuwa nikitafuta maelezo mengine. Labda mjomba naye aliuziwa hivyo. Labda Musyoki hakujua. Nilikuwa nikimtetea kabla hata ya kumshtaki.

Polisi walikuja. Namba ya chini ilikuwa ya pikapu iliyoibwa Kangundo miaka iliyopita, na usiku huo wa wizi mlinzi alikatwa mkono kwa panga. Niliketi kituoni hadi jioni, nimevaa tai yangu. Nilimwomba afisa aniruhusu kwanza nizungumze na aliyeniletea. Hakupenda, na nadhani angeniweka ndani kama mwalimu mkuu hangefika kunidhamini. Nimepewa hadi kesho nimtaje mtu huyo. Gari liko uani pa kituo, kati ya pikipiki zilizopata ajali.

Jana nilienda gerejini.

Musyoki aliponiona mlangoni, aliwatuma vijana wake wakanywe chai. Hapo ndipo nilipojua. Sikuwa nimesema neno. Nilimweleza hata hivyo, yote, kuhusu kibati na namba na yule mlinzi, na nikangoja ashtuke. Alipangusa mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akasema pikapu aliletewa na watu, na kazi yake ingekuwa ya kuuliza maswali, hangekuwa na gereji. Mjomba wa Mwala alikuwepo kweli, na pikapu yake ilipinduka kweli. Alichotoa kwa mjomba ni karatasi tu.

Nilimuuliza kwa nini mimi. Wateja ni wengi. Kwa nini chuma hicho kije kwangu?

Alinijibu bila ukali, kama anayeeleza jambo la kawaida.

"Wewe ni mwalimu. Watu wanakuamini. Nilijua gari likiwa na jina lako, hakuna mtu atainama kuangalia chini."

Nimelirudia jibu hilo tangu jana. Nimelirudia darasani nikiwa nimeshika chaki. Hakunichagua kwa kuwa ananipenda, wala kwa kuwa ananichukia. Alinichagua kama mtu anavyochagua pazia.

Kisha akaniomba niseme nilinunua kwa mtu nisiyemjua, siku ya soko, pale Masii. Alisema kwa mwalimu watakubali, yataisha. Alisema yeye ana watoto. Alisema Mwende ni mtoto wake pia. Nilipoanza kuondoka alinishika begani, na naona aibu kuandika hili, lakini kwa nukta moja nilitaka kubaki. Mwili wangu haukuwa umepata habari kwamba urafiki umekwisha.

Nyumbani Mama Mwende alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nilitarajia atanilaumu, maana ni mara ngapi aliniambia gari lile linakula maisha yetu. Hakunilaumu. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, akaacha.

"Nilimpikia huyu mtu kila Jumamosi," alisema. "Nilikuwa namwekea nyama ya kwanza."

Akaendelea kuchambua. Baadaye nikaona amechanganya mabovu na mazima.

Leo mchana niliitwa kituoni kwa sababu mwenye pikapu amekuja kuitambua chesisi yake. Nilitegemea mwanamume, mtu wa kunifokea, na kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Alikuwa mama wa makamo mwenye sweta ya zambarau, mfanyabiashara wa matunda. Pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa ikibeba maparachichi na mapapai yake kwenda Nairobi. Ilipoibwa, alijaribu kukodi magari ya watu, ikashindikana, akaacha. Sasa anauza mboga kwenye meza mbele ya nyumba yake. Mlinzi aliyekatwa ni shemeji yake. Mkono mmoja haushiki jembe.

Alilitazama gari. Aliligusa pale mbele, taratibu, jinsi mtu anavyogusa ng'ombe wake mwenyewe. Kisha akaniuliza kwa Kikamba kama mimi ndiye mwalimu wa hesabu. Nikakubali. Akaniambia jina la mwanawe. Namkumbuka kijana huyo, mrefu, aliyependa kuketi dirishani.

"Alikuwa anasema wewe ni mkali, lakini hudanganyi mtu," alisema yule mama.

Hakusema kwa kejeli. Ningependa angesema kwa kejeli.

Nilitaka kumwambia nilidanganywa, na ni kweli nilidanganywa, lakini alikuwa amesimama mbele ya pikapu yake, na juu yake nimekalisha furaha yangu yote. Kila Jumamosi niliyocheka, yeye alikuwa nyuma ya meza ya mboga. Sikujua. Bado nilicheka.

Afisa ametueleza kwamba kesi ikimalizika chesisi itarudi kwake, na yaliyo juu ni yangu. Nitalazimika kulifungua gari bolti kwa bolti, nimkabidhi chuma chake. Nimemwambia mama huyo nitalifungua mwenyewe, na nitahakikisha hakiharibiki kitu. Alinishukuru. Yeye, kunishukuru mimi.

Simu yangu iko hapa mezani. Musyoki amepiga tena na tena tangu nianze kuandika. Sijapokea, wala sijaizima. Sijui kwa nini sijaizima.

Nilifikiri nitakuja hapa kuifuta ile picha na yale maneno ya shukrani. Nimeamua kuyaacha. Nilipoyaandika niliyaamini, na sitaki anipokonye hata hilo.

Hakuna mtu wa soko la Masii. Kesho asubuhi, kabla ya kipindi changu cha kwanza, nitakwenda kituoni niseme jina lake, la ubatizo na la nyumbani na la baba yake, polepole, afisa asikosee herufi. Mke wangu atanisindikiza. Kuhusu hilo nimetulia.

Ila namjua yule afisa sasa. Akimaliza kuandika jina huinua kichwa na kuuliza: huyu ni nani wako?

Nitamjibu nini?