Maoni Uliyomwachia Rehema

Dada Mwanahawa,

Arobaini yako tumeisoma juzi hapa Mtawanya, na sikukuombea vizuri. Nilikuwa na kinyongo nawe. Bora nikwambie mwenyewe.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe ulichora kila ukurasa kwenye daftari la hesabu, mimi nikaandika programu kwa kompyuta ya kuazima. Tulitaka walimu warekodi vipindi vyao, na wenzao watazame na kuandika maoni palepale kwenye sekunde inayohusika. Mimi nilitaka maoni yaonekane kwa wote. Ukakataa. "Hamisi mdogo wangu, mtu havuliwi nguo barazani. Asome mwenyewe kwanza."

Baada ya maziko, shemeji alinipa simu yako nitoe kazi za shule. Nikakuta maoni ambayo hukuwahi kuyatuma. Yote ya kumpa Rehema, yule mwalimu mpya wa shule ya Mtunda. Kipindi kimoja tu cha hesabu za sehemu, na umemwandikia karibu kila dakika. "Hapa umemngoja mtoto afikiri. Usiache kamwe." "Hapa umegeukia ubao. Salma amenyoosha mkono, hukumwona."

Nikafungua vipindi vyangu mwenyewe vya darasani, nione ulichoniandikia. Miaka yote ile, Dada. "Vizuri." "Vizuri." Basi.

Niliona wivu. Yeye alikujua muhula mmoja. Akapiga simu: "Kaka, Mwalimu aliniahidi maoni. Hakuacha chochote?" Nikamjibu hapana. Nikayakalia wiki tatu, na kila siku nayasoma mimi, kana kwamba nimeandikiwa mimi.

Jumatatu nikashindwa. Nikaenda Mtunda, nikamkabidhi simu, nikamwambia nilimdanganya na kwa nini. Alisoma amesimama mlangoni mwa darasa, watoto wakipiga kelele ndani. Alipofika kwa Salma akalia. Nilidhani atanifukuza. Akafuta uso, akasema, "Nitumie kipindi chako, Kaka. Mimi nitakitazama."

Amerudisha maoni tisa. Ya kusifia hakuna. Nimeyasoma yote, nikayarudia.

Wivu haujaisha, Dada. Jina lake likitajwa bado nanuna. Nilitaka uniandikie wewe, na sasa haiwezekani tena, na hilo… hilo sijui nalipeleka wapi.

Ila nakuahidi, maoni ya mtu hayatakwama tena mikononi mwangu.

Mungu akupanulie kaburi lako, dada yangu. Pumzika.

Mdogo wako,
Hamisi